Nani huamua kwamba kituo cha teksi kimejaa?

Dada wa Sinza

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi wa mambo ya usafiri na ya halmashauri.

Mdogo wangu alipunguzwa kazini mwaka jana, na kwa mafao aliyopata akanunua Toyota IST ili aendeshe teksi. Alifuatilia kila karatasi: bima, ukaguzi wa gari, namba nyeupe ya biashara na leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu), na katika madirisha yote aliyopita hakuna aliyemwambia kwamba teksi za Dar es Salaam zimetosha. Siku alipopeleka gari kituoni ndipo viongozi wa madereva walipomwambia kwamba kituo kimejaa, kwamba magari kumi na manne ndiyo mwisho, na kwamba akitaka nafasi asubiri mwenzao mmoja aondoke au atoe kiingilio ambacho kwa kweli kinazidi robo ya bei ya gari lenyewe.

Sina nia ya kuwashitaki madereva wale, kwa kuwa nao wanatafuta riziki. Ninachotaka kujua ni kwamba hiyo kumi na nne ilitoka wapi. Je, ipo ofisi inayokaa na kukokotoa jiji lenye watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, linahitaji teksi ngapi? Na miji ya wenzetu huamuaje?

Mpangamiji Mstaafu

Dada yangu, swali lako ni zito, na limegusa mahali ambapo watu wengi huchanganya mambo mawili. Leseni ya usafirishaji ni jambo moja, na nafasi ya kuegesha ukisubiri abiria ni jambo jingine. Leseni hutolewa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, nayo humtazama zaidi mwenye gari na gari lake. Maeneo ya vituo ni suala la halmashauri, na Dar es Salaam ina tano: Jiji, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mdogo wako amepewa ruhusa ya kufanya biashara bila kupewa mahali pa kuifanyia, na pengo hilo limezibwa na madereva wenyewe. Kwa maneno mengine, kikomo cha teksi kipo, ila kimewekwa na watu wasio na mamlaka ya kisheria ya kukiweka.

Ama kuhusu miji mingine, ipo iliyotumia njia rahisi ya kugawanya idadi ya watu, yaani teksi moja kwa kila wakazi elfu kadhaa. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu wakazi hawapandi teksi kwa usawa. Mkazi wa Mbagala anayekwenda kazini kwa daladala na kurudi kwa mwendokasi anahesabiwa sawasawa na mgeni anayetua Uwanja wa Julius Nyerere saa nane usiku akiwa na masanduku matatu, ambaye hata kwenye sensa yetu hayumo.

Njia ninayoiona ya busara zaidi ni ya Uingereza. Sheria yao ya usafiri ya mwaka 1985 inasema kwamba nje ya London, halmashauri haiwezi kumnyima mtu leseni ya teksi kwa hoja ya idadi isipokuwa imeridhika kwamba hakuna mahitaji makubwa ya abiria yasiyotimizwa katika eneo lake. Angalia mzigo wa ushahidi ulipowekwa: anayetakiwa kuthibitisha ni halmashauri inayotaka kufunga mlango, wala si mwombaji. Kwa hiyo halmashauri zenye kikomo hulazimika kutuma watu vituoni kupima abiria anasubiri gari muda gani, na gari linasubiri abiria muda gani. London yenyewe haina kikomo cha teksi zake nyeusi; mlango unalindwa na mtihani wa barabara za jiji ambao humchukua mtu miaka kadhaa kuufaulu.

New York ndiko kwenye funzo chungu. Mwaka 1937 jiji lile liligandisha vibali, ambavyo wakati huo vilikuwa zaidi ya 13,000. Vikapungua hadi 11,787 na kubaki hapo kwa takriban nusu karne, huku shughuli za jiji zikiongezeka. Kibali, yaani bati linalobandikwa kwenye boneti, kikageuka mali ya kununuliwa na kuwekewa rehani. Kufikia 2014 vipo vilivyouzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, na wanunuzi wengi walikuwa madereva wahamiaji waliokopa. Magari ya programu za simu, ambayo hayakufungwa na kikomo kile, yalipojaa barabarani, bei ilianguka na madeni yakabaki palepale. Kiingilio anachodaiwa mdogo wako ni ndugu wa bati lile: thamani yake haitokani na kazi yoyote, inatokana na mlango kufungwa.

Dereva wa Miaka 19

Mzee wangu Mpangamiji, shikamoo. Umeeleza vizuri, ila naomba niseme upande wa kituo, kwa sababu tunahukumiwa bila kusikilizwa.

Hiyo namba haikuokotwa hewani. Kwetu ilitokana na nafasi za kuegesha zilizochorwa chini, na tulipoongeza magari mawili, askari walianza kutuandikia faini kila siku kwa kuzuia barabara. Pili, wengi wetu hatumiliki magari. Dereva anaamka saa kumi alfajiri akijua kwamba jioni tajiri anataka hesabu yake, na kwenye foleni ya magari kumi na manne anaweza kupata abiria watatu kwa siku nzima. Ukiongeza magari sita, abiria hawaongezeki. Kinachoongezeka ni dereva kukaa usukumoni saa kumi na nane, na huyo ni hatari kwa abiria wake. Kiingilio nacho kilianza kwa ajili ya mlinzi wa usiku na misiba ya wenzetu. Nakiri kwamba siku hizi kimepanda kupita kiasi, na sikitetei.

Lakini tuseme kweli: tangu Uber ilipoingia mwaka 2016 na wengine wakafuata, kikomo cha kituo kinatubana sisi tu tuliopanga foleni. Gari la mtandaoni linamchukua abiria hatua ishirini kutoka kwetu, na teksi bubu isiyo na leseni yoyote inafanya hivyo hivyo. Kama kuna kuhesabu, wahesabiwe wote.

Mpangamiji Mstaafu

Marahaba, ndugu yangu, na hoja ya uchovu naipokea kwa mikono miwili. Ireland iliyaona yote mawili, mlango kufungwa na mlango kufunguliwa. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2000 kikomo kiliondolewa, na teksi za Dublin ziliongezeka haraka mno; abiria walinufaika, lakini madereva walilalamika kwamba saa za kazi zimekuwa ndefu na kipato kimepungua, na mwaka 2010 leseni mpya zilisitishwa isipokuwa za magari yanayobeba watu wenye viti vya magurudumu. Ndiyo maana sisemi mlango uachwe wazi kabisa. Ninachosema ni kwamba anayeufunga awe halmashauri, kwa ushahidi uliopimwa mchana na usiku, siku ya mvua na mwisho wa mwezi. Kituo kinaweza kujaa saa tano asubuhi na kuwa kitupu saa tano usiku, na namba moja ya siku nzima haiwezi kusema kweli kwa saa zote mbili.

Dada wa Sinza

Nawashukuru nyote wawili. Maneno ya usiku yamenifumbua macho, kwa kuwa mara mbili nimetoka kumuuguza mama hospitalini usiku nikasimama kwenye kituo hicho hicho kinachodaiwa kujaa, pasipo gari hata moja, nikaishia kupanda teksi bubu kwa hofu. Nitamshauri mdogo wangu aandike barua halmashauri kuuliza ni nafasi ngapi zilizoidhinishwa pale, ili ajue anazungumzia nini.

Dereva wa Miaka 19

Dada, aandike, ila pia arudi kituoni na ombi tofauti. Wazee wengi vituoni hawaendeshi baada ya saa nne usiku kwa sababu ya macho. Aombe kuingia kwenye foleni kuanzia saa hiyo hadi alfajiri, bila kiingilio kizima, na mchana awaachie wenyewe. Kwetu tulimpokea kijana mmoja kwa utaratibu huo, na wa kwanza kumuunga mkono walikuwa wazee hao hao, kwa sababu wateja wao wa zamani waliacha kulalamika kwamba usiku hawapati gari.