Piki nyembamba au nene? Naomba kueleweshwa

nyuzi_sita:
Wakuu habari zenu. Huu ni mwezi wa nane niko na gitaa kavu, najifunza mwenyewe kwa video tu. Tangu naanza natumia piki moja nyembamba, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, imeandikwa 0.46 hapo katikati, nadhani ni milimita. Kwenye kodi (chords, nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja) haina shida kabisa, mkono unaenda juu chini kama nafagia. Shida imekuja nilipoanza kugusa solo, yaani noti moja moja, kila noti inatoka legelege kama imechelewa kidogo, alafu kuna kelele ya plastiki flap flap flap mpaka inaizidi noti yenyewe. Jamaa yangu akanipa ya 1.5 akasema achana na hiyo ya watoto, hii ndo ya wanaume. Sasa nayo imekuwa balaa, nikipiga kodi inakwama kwenye nyuzi, jana nimekata uzi wa kwanza katikati ya wimbo ukanichapa kidoleni. Ivi unene wa piki kweli unabadilisha sauti au mkono wangu tu ndo mbovu?

fundi_waya:
Vyote viwili mkuu, usikasirike.

Fanya ivi, chukua hiyo 0.46 ipitishe kwenye uzi wa sita, ule mnene kabisa, pole pole sana huku unaiangalia. Utaona inajikunja kwanza, mkono wako umeshapita, ndo baadae inachomoka. Huo muda wa kujikunja ndo unausikia kama noti inachelewa. Na kwa kuwa imejikunja, uzi wenyewe haujavutwa mbali, kwaiyo besi inapungua unabaki na ukali wa juu tu pamoja na mlio wa plastiki ikirudi mahali pake. Flap flap yako ndo hiyo. Rudia na ile 1.5 uone, haipindi hata kidogo, uzi wenyewe ndo unasogea, ukiachia unapata noti nzito iliyojaa.

Sasa kwenye kodi huo ulegevu unakusitiri. Ukichapa kwa nguvu inapinda zaidi, ukichapa taratibu inapinda kidogo, mwisho wa siku sauti inatoka karibu sawa hata kama mkono hauna adabu. Nene haimsitiri mtu, nguvu yote uliyoweka inaenda kwenye uzi, ndo maana umekata.

Kwa ujumla chini ya 0.60 watu wanaita nyembamba, hapo mpaka 0.80 ya kati, 0.80 kwenda 1.2 nene, kupita hapo nene sana, ila kila kampuni ina mipaka yake. Wewe umeruka kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Jaribu 0.73 au 0.88 kwanza.

dada_rizimu:
Ya wanaume 😂😂 mwambie jamaa yako kuna dada hapa anapiga rizimu (kodi za kusindikiza) kwenye bendi na 0.50 na hakuna aliyewahi kumuuliza jinsia.

Nyuzi_sita kabla hujatafuta piki nyingine niambie unaishikaje hiyo nene. Nina wasiwasi umeacha nusu nzima iko nje na umeibana kama mtu anataka kukunyang'anya. Toa ncha tu, milimita 3 au 4 hivi, alafu legeza vidole. Piki nene haipindi kwaiyo lazima kitu kingine kipinde, yaani vidole na kifundo cha mkono. Na usiilaze bapa sambamba na uzi, inamisha kidogo ili ukingo wake uteleze. Ikiwa bapa kabisa inaugonga uzi kama mlango, lazima ikwame.

Ila hapo kwenye 'nene ndo sauti nzuri' msidanganyane. Tulikuwa tunarekodi, bendi nzima, mimi na gitaa kavu na piki ya 1.0 najiona nimemwaga sauti. Kwenye kusikiliza kila mtu anakunja uso, gitaa langu limekaa palepale alipo mwimbaji na linagombana na besi. Nikabadilisha nikachukua ya 0.50, gitaa likapanda juu likawa kama kayamba, chk chk chk, mwimbaji akasikika. Peke yake hiyo sauti ilikuwa nyembamba kama karatasi, ndani ya bendi ndo ilikuwa inatakiwa.

mzee_wa_besi:
Vijana mmeongea unene tu mmesahau piki imetengenezwa na nini na ncha yake ikoje. Naironi ya 0.73 ni laini, inapinda kirahisi kuliko zile za Tortex, plastiki ngumu zaidi, za unene huohuo, mtu akikwambia natumia 0.73 bado hajakwambia kitu. Ncha kali inatoa sauti kali, ncha ya mviringo inapooza. Kuna watu wanageuza piki wanapigia bega lake, ile kona ya mviringo, unene uleule na sauti nyingine kabisa.

Na unene sio lazima ulete uzito. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, anapiga na sarafu ya zamani ya Uingereza, sixpence, chuma kile hakipindi ng'o, lakini sikiliza gitaa lake lilivyo jepesi, anaishika kilegevu na ule ukingo wenye meno unakwaruza uzi kidogo.

Angalia pia kama piki yako imelika. Zikilika zinaota vimeno pembeni unaanza kusikia mkwaruzo unalaumu nyuzi bure. Msasa laini kidogo, alafu isugue kwenye jinzi, inarudi.

Mimi kwenye besi sishuki chini ya 1.0, nyuzi zile nene zinaikunja nyembamba kama jani.

nyuzi_sita:
Wakuu nimerudi na majibu. Nimeazima 0.73 na 0.88, nimekaa na simu nimerekodi kitu kimoja mara nne, kodi ya G mara nane alafu uzi wa sita peke yake.

Dada umenishika, nilikuwa nabana mpaka ukucha wa dole gumba unakuwa mweupe. Nilipolegeza na kuinamisha ile 1.5 imeacha kukwama, sio yote ila kama mara moja kwa kila kodi kumi. Kwenye uzi mmoja 0.46 nasikia tik kwanza ndo noti, 0.88 noti inakuja yenyewe. Cha kushangaza kodi nimeipenda zaidi kwenye 0.73, ile 0.46 niliyoizoea nikiisikiliza kwenye simu ni kelele tu za plastiki na gitaa liko mbali huko nyuma.

Ila sasa nikilegeza, piki inageuka geuka mkononi, nikifika ubeti wa pili nashikilia kona. Hiyo mnafanyaje?

dada_rizimu:
Kawaida hiyo, hata mimi bado inanigeuka nikitoka jasho. Ikwangue mistari ya kukatizana pande zote mbili kwa ncha ya sindano, sehemu ya kidole tu, ncha usiiguse.

fundi_waya:
Au toboa tundu dogo katikati, nyama ya kidole inazama kidogo haiendi popote. Na huo uzi uliokata, badilisha zote sita kwa pamoja mkuu, mmoja mpya na tano kuukuu utarudi hapa kutuuliza mbona piki ya 0.88 inatoa sauti mbili.