Hoteli zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira zituonyeshe mita zao za maji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefungua uzi huu kwa hasira na wala sitaificha, kwani tangazo jipya la hoteli moja ya mwambao wa kaskazini mashariki ya Unguja limenishinda kulinyamazia. Limepambwa kwa picha ya kasa na majani ya kijani, na limeandikwa kwamba hoteli hiyo ni rafiki wa mazingira na mlinzi wa bahari yetu. Mimi ninaishi nyuma ya ukuta wake. Mara kwa mara moshi mweusi wa plastiki hupanda kutoka maweni, ambako chupa za maji, vikopo vya shampuu na mabaki ya jikoni huchomwa pamoja, wakati huo huo mgeni mezani amewekewa mrija wa mwanzi na kuambiwa kwamba kwa kuutumia anailinda bahari.

Ukiwauliza ushahidi wa urafiki huo, watakuonyesha mirija hiyo, pamoja na kadi ya bafuni inayomwomba mgeni atundike taulo lake alitumie tena. Kadi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliilalamikia kwa maandishi, akisema kwamba hoteli zinapunguza gharama zao za kufua na kuiita hatua hiyo uhifadhi, huku madhara yao makubwa yakiachwa vile vile. Takriban miaka arobaini baadaye tunaletewa kadi ile ile.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Kisiwa chetu kinategemea maji ya chini ya ardhi, ambayo hujazwa na mvua. Yakivutwa kwa wingi kuliko yanavyorudi, maji ya bahari hupenya katika mawe ya matumbawe na visima vya pwani vikaingia chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza, uliofanywa Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulikuta kaya moja ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja tu cha hoteli ya nyota tano kikifikia lita 3,195. Katika hesabu ya namna hiyo taulo moja lina uzito gani? Akina mama wa shehia yetu hupanga madumu usiku kusubiri mfereji utoe chochote, na asubuhi upande wa pili wa ukuta majani ya bustani yananyunyiziwa maji na bwawa la kuogelea limejaa hadi ukingoni. Tangazo zima halina hata sentensi moja kuhusu kisima cha hoteli.

Tabia hii haiko kwetu peke yetu. Volkswagen iliyatangaza magari yake ya dizeli kuwa ni safi, hadi ilipofichuka mwaka 2015 kwamba magari kama milioni 11 yalitiwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Mwezi Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba matangazo kadhaa ya shirika la ndege la KLM kuhusu mazingira yalikuwa ya kupotosha. Huko, angalau, alipatikana mtu wa kupima na mahakama ya kulisoma tangazo neno kwa neno. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, lakini sijaona tangazo la hoteli likidaiwa uthibitisho.

Nisije nikaambiwa kwamba ninadai yasiyowezekana. Kisiwani Chumbe, tangu miaka ya 1990, nyumba za wageni zilijengwa ili paa zivune mvua, umeme utoke kwenye jua na vyoo vitoe mboji bila kutumia maji. Jambo hilo mtu anaweza kwenda kuliona kwa macho yake.

Ninachodai ni hiki: kila hoteli inayotumia maneno hayo ibandike ofisini kwa sheha usomaji wa mita ya kisima chake kila mwezi, ionyeshe stakabadhi za taka ilizopeleka jaani Kibele, na iseme ni nani aliyeikagua, lini, na kwa malipo ya nani. Isiyoweza, iyaondoe maneno hayo kwenye mabango yake. Na mwenye nakala ya kibali cha kisima cha hoteli yoyote ya mwambao huu aiweke hapa, tuisome pamoja na tangazo lake.