Kamera ya kinamasi cha Georgia: mbona naona maji tu?

Pwani_K: Wakuu, kamera ya moja kwa moja ya kinamasi cha maji chumvi huko Georgia, Marekani, nikiifungua naona majani na maji basi. Niangalie saa ngapi?

Mkwezi: Fuata maji, usifuate saa. Kule hupanda zaidi ya mita 2, na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Chukua jedwali la kupwa na kujaa la kituo cha Fort Pulaski, pwani ya Georgia, ongeza saa 7 upate saa zetu (8 majira yao ya baridi). Anza saa mbili kabla ya kupwa kabisa. Kaa wadogo hutoka mashimoni. Anayepunga gando moja kubwa ni dume.

Kupwa_Kujaa: Na kamera ikiwa ndani ya mkondo, maji huchelewa kuliko jedwali.

Bi Gando: Msidharau maji kujaa. Tazama mabua: konokono hupanda juu kuwakwepa kaa wa buluu. Wakati wa bamvua (maji yanapojaa sana) majani hufunikwa, na wale ndege wa kahawia wenye mdomo mrefu, wanaojificha humo siku zote, husukumwa nje. Picha ikiwa na ukungu, weka ubora wa video 720p kwa mkono. Ubora wa kujirekebisha huwafuta kaa kabisa.