IST: njiani AC inapoa, kwenye foleni Moshi mjini inapuliza joto

mdau_soweto
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya injini ya cc 1300. Nikitoka Arusha saa tano AC inapoa vizuri njia nzima, lakini nikifika kipilefti cha YMCA na gari kusimama dakika tatu nne, upepo unageuka joto. Nikiondoka inapoa tena. Gesi imeongezwa mara mbili tangu Novemba, bila mizani, fundi anatazama geji ya bluu tu, ile ya presha ya chini. Mkanda mzima, kompresa (pampu inayosukuma gesi) naisikia ikishika. Sasa naambiwa kompresa imechoka, nitafute nyingine. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

fundi_baridi
Mkuu, shika hela yako kwanza. Dalili hiyo ina washukiwa wawili: kompresa dhaifu, au joto la kondensa limekosa pa kwenda. Wote wawili hupoza gari ikikimbia, ndiyo maana watu wanabadilisha kompresa bure.

Kuwatenganisha ni kazi ya dakika kumi. Simamisha gari juani, washa AC baridi ya mwisho, subiri joto lianze. Chukua lita mbili za maji, nyunyizia taratibu kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji. Ubaridi ukirudi ndani ya nusu dakika, tatizo ni upoozaji wa kondensa: feni, uchafu, au gesi iliyozidi. Usipobadilika kabisa, ndipo uanze kuitazama kompresa.

Halafu feni. Ukibonyeza AC na kompresa ikashika, feni ya mbele inatakiwa izunguke hata kama injini bado ya baridi. Isipozunguka, chomoa soketi yake uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, mota nzima. Kagua fyuzi, kisha badilisha rilei yake (swichi ya umeme wa feni) kwa muda na nyingine ya namba ile ile kwenye boksi. Ikikaa kimya, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimeisha. Kuna ya tatu inayowapita wengi: inazunguka ila kivivu. Kwa macho utasema inafanya kazi.

Vumbi nalo usilidharau. Kati ya kondensa na rejeta hujaa udongo, majani na wadudu, na ukichungulia kwa mbele huoni kitu. Legeza rejeta upate nafasi, osha kwa maji ya mpira ukitokea upande wa injini kuja mbele. Pampu ya kuoshea magari hapana, inalaza yale mapezi na upepo haupiti tena.

njiro_geji
Niongezee kwenye geji, maana hiyo ya bluu peke yake ndiyo iliyokuponza. Hewa ya nje ikiwa kama nyuzi 30 na injini kwenye mizunguko 1500, bluu ikae psi 25 hadi 40, nyekundu, ya presha ya juu, 150 hadi 250. Zote zikiwa juu, kondensa haipoi au gesi imezidi. Bluu juu na nyekundu chini, hapo kompresa kweli haisukumi. Zote chini, gesi imetoka. Bluu ikishuka karibu na sifuri, mara nyingi ni valvu ya upanuzi, ile inayoshusha presha ya gesi kabla haijaenda kupoza, imeziba, au unyevu umeganda humo.

Injini ikizimwa na kupoa, pande zote husoma sawa, kama psi 70 kwa nyuzi 20 au 95 kwa nyuzi 30. Usomaji huo hausemi gesi ni kiasi gani. Maadamu kuna kimiminika ndani, gramu 300 na gramu 600 zinakupa namba moja. Ndiyo maana inajazwa kwa mizani, na kiasi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Na gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ama inavuja, ama haikuwa imepungua ukaongezewa juu ya iliyopo. Pitia maungio yote kwa tochi: penye vumbi lililolowa oili ndipo panapovuja, thibitisha kwa povu la sabuni. Chungulia na mpira unaodondosha maji chini ya gari. Oili hapo maana yake inayovuja ni evapoleta, ile rejeta ndogo ya baridi ndani ya dashibodi.

mdau_soweto
Nimemwagia maji, ubaridi umerudi hapo hapo! Feni inazunguka kivivu kama alivyosema mkuu. Sasa gari iko Sakina, fundi mwingine ametoa gesi yote kwenye mtungi wake, ameweka pampu ya kuvuta hewa, lakini mshale umegoma kwenye 25. Anasema lazima ufike 29, kwa hiyo mfumo unavuja. Kweli?

njiro_geji
Mwambie yupo Arusha, hayupo Tanga. Geji hiyo inalinganisha ndani ya mfumo na hewa ya nje. Pwani hewa ina nguvu ya inchi 30 hivi za zebaki; kwenye mita 1,400 za Arusha imebaki kama 25, Moshi kama 27. Hiyo 25 ndiyo mwisho wa reli. Pampu bora kuliko zote haitaupeleka mshale mbele ya hapo.

Cha kuangalia ni hiki: aache pampu dakika 30 hadi 45 ili unyevu uchemke na kutoka, afunge valvu, azime pampu, asubiri dakika 15. Mshale ukitulia, vizuri. Ukirudi nyuma, sawa, unavuja, na atafute tundu kwa kujaza gesi ya naitrojeni. Oksijeni ya kuchomelea isikaribie kabisa, ikikutana na oili ya kompresa inalipuka.

Kujaza: gesi ya R134a kwa gramu za stika. Akitumia makopo ya gramu 340, injini ikiwaka apitishe upande wa bluu tu, kopo likiwa wima. Akiligeuza kinaingia kimiminika na kompresa inavunja valvu zake. Akifungua nyekundu injini ikiwaka, kopo linaweza kumpasukia mkononi. Oili ya kompresa iwe ND-OIL 8. Ile ya magari ya haibridi ni nyingine, zisichanganywe.

mdau_soweto
Asante sana. Kaboni za feni zinauzwa zenyewe au ninunue mota nzima?

fundi_baridi
Wanaosuka mota wanazibadilisha. Ila tikisa shafti kwanza. Ikicheza kushoto kulia, bushi zimekwisha, chukua mota ya mtumba na uijaribu kwa betri hapo hapo dukani. Ukishaifunga, weka karatasi mbele ya kondensa. Inatakiwa inyonywe na kung'ang'ania. Ikipeperushwa kuja kwako, waya mbili za feni zimegeuzwa na inazunguka kinyume.