Stebilaiza ya lenzi kwenye tripodi: mnazima au mnaacha?

Mkonge_na_Mlima
Wakuu, naombeni msaada. Jumamosi nilipanda Irente, pale Lushoto, kuwahi machweo. Chini kule Mazinde jua la mwisho lilikuwa limelala juu ya mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama ya rula. Kamera juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), lenzi ya kuvuta karibu, 70-200 ya mtumba, shata (kile kipazia kinachoingiza mwanga) wazi nusu sekunde. Kwenye kioo cha kamera zote zilionekana safi. Nyumbani nikazikuza kwenye kompyuta: kila mstari wa mkonge una pacha wake pembeni. Jiwe la mbele nalo hivyohivyo, kwa hiyo fokasi siilaumu. Picha 19, nzima 3. Imeniuma, mwanga ule haukudumu hata robo saa. Stebilaiza, ile swichi ya kuzuia mtikisiko, niliiacha imewashwa kama ninavyofanya nikipiga harusi kwa mkono. Ndiyo iliyoniponza, au ni wepesi wa tripodi yangu?

Fundi Lenzi
Pole sana mkuu. Ndani ya lenzi kuna vihisi vinavyofuatilia mkono wako, na kipande cha kioo kinachosukumwa upande wa pili kufidia. Kwenye tripodi mkono haupo. Kihisi kinaokota mtetemo mdogo, mwingine wa mota yake yenyewe, kinadhani ni wewe, kinasukuma kioo. Msukumo huo unazaa mtetemo mwingine, nacho kinaufukuza tena. Kwa shata ya 1/500 ya sekunde huoni kasoro. Kwa nusu sekunde kioo kimeshatembea. Lenzi nyingi za sasa hujitambua zikiwa zimetulia. Za zamani ni habari nyingine: Canon 75-300 ya 1995, ya kwanza yenye stebilaiza kwa kamera za kubadilisha lenzi, ilitakiwa izimwe kwenye tripodi. Yako ya mtumba izime.

Mama Machweo
Nakubali, ila upepo wa Irente msiusahau. Mkanda wa kamera ukipigapiga mguu wa tripodi, picha imekwenda. Uvue. Nguzo ya katikati usiipandishe. Begi lining'inize chini yake, liguse ardhi kidogo lisibembee. Halafu tumia taima ya sekunde 2, kidole chako kiwe mbali shata inapofunguka. Stebilaiza naiwasha pale tu ninapolegeza kichwa cha tripodi kufuata ndege, maana hapo mkono umerudi kazini.

Mkonge_na_Mlima
Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu sebuleni, hakuna upepo. Gazeti ukutani, tripodi ileile, taima sekunde 2, shata nusu sekunde. Picha kumi stebilaiza imewashwa, kumi imezimwa. Zilizozimwa zote nasoma mpaka matangazo madogo ya viwanja. Zilizowashwa, nne tu. Kisha nikaiwasha tena na kukuza gazeti mara 10 kwenye kioo cha kamera, nikatulia kutazama bila kugusa kitu. Herufi zilikuwa zinahama kushoto polepole, kama mashua iliyokatika nanga, halafu ghafla zinaruka kurudi mahali pake. Nimeitazama hiyo hali dakika nzima.

Mama, mkanda nimeshauvua. Swichi nimeizima na kuibandika plasta juu. Jumamosi nipo Irente saa kumi na moja jioni.