Mama ana magoti mabovu: Angkor ataiweza?

BintiWaDonholm:
Habari zenu wasafiri. Desemba nampeleka mama Bangkok kumwona dadangu, na sasa ameshikilia kwamba lazima tuvuke mpaka Kambodia akaone Angkor, mahekalu ya kale ya Wakhmer, watu wa huko. Alifundisha historia mpaka akastaafu, hapo hata hanisikilizi. Shida ni magoti. Daraja la wapita njia pale Thika Road hulipanda akipumzika katikati, na picha nilizoona za Angkor ni ngazi tupu. Tukate tiketi ya siku moja, tuone lile kubwa, turudi zetu? Ama hayo ni mawe tu, nimshawishi tubaki Bangkok?

FundiSouthB:
Usikate ya siku moja. Hiyo ni dola 37, ya siku tatu ni dola 62, na siku zenyewe si lazima zifuatane. Mna siku 10 za kuzitumia. Mama akichoka, kesho yake analala.

Ngazi za kutisha ni zile za kupanda Bakan, kilele cha Angkor Wat, hilo hekalu kubwa. Mwache chini, na hatakosa uhondo. Kumbi za chini ni tambarare na kuta zake zimechongwa mwanzo hadi mwisho: vita vya Kurukshetra vya hadithi za Kihindu, majeshi ya mfalme Suryavarman II aliyelijenga, kisha miungu na mashetani wakivutana kwa nyoka ili kuikoroga bahari ya maziwa. Mchongo huo peke yake una mita 49. Mwalimu wa historia utamtoa hapo kwa kumburuta.

Habari za kuamka saa kumi alfajiri kungoja jua, mimi zilinishinda. Umati, simu juu, na hekalu lenyewe limeelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi unaona giza lenye minara. Nendeni alasiri, jua likilipiga usoni.

Hekalu la Bayon ndiko msiende mbiombio. Kila mtu hutazama juu, kwenye nyuso kubwa za mawe. Nyinyi zungukeni ukuta wa nje: wanawake sokoni, samaki, wanaume wamezingira majogoo wanaopigana, mtu anatumbukiza nguruwe chunguni. Aliyeagiza ni mfalme Jayavarman VII, ila mchongaji inaonekana alichonga mtaa wake.

Hekalu la Banteay Srei liko mbali kidogo lakini ni dogo, halina kupanda. Jiwe lake ni la rangi ya waridi, limechongwa kama kazi ya sonara, na ni la mwaka 967, kabla ya Angkor Wat. Mwambie mama pia kwamba André Malraux, aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alikamatwa 1923 kwa kung'oa sanamu pale. Atacheka.

MamaNeema_Embakasi:
Mimi Bakan nilipanda na sijuti, binti apande hata kama mama anabaki. Ila mabega na magoti yafunikwe kwa nguo yenyewe; leso ya kujitupia mabegani huko juu hawaikubali. Na mkitoka Kenya, Thailand wanadai cheti cha homa ya manjano, mchanjwe si chini ya siku 10 kabla. Bebeni dola safi. Noti iliyochanika kidogo tu, muuza maji anakurudishia.

BintiWaDonholm:
Asanteni sana, nimemsomea. Sasa anauliza: hao watu waliishi wapi? Anasema tulipompeleka Gede, yale magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, aliona nyumba, visima, mpaka vyoo. Huko anaonyeshwa mahekalu tu.

FundiSouthB:
Swali zuri, shikamoo zake. Gede waliojiweza walijijengea kwa mawe ya matumbawe. Kwa Wakhmer jiwe lilikuwa la miungu. Watu, hata mfalme, walikaa nyumba za mbao, na mbao zimeoza zote. Mwaka 2012 helikopta ilipita juu ya msitu na mitambo ya leza, ikaonekana mistari ya barabara, vidimbwi na vichuguu vya viwanja vya nyumba, hata ndani ya ua wa Angkor Wat. Akiwa pale atazame chini ya miti: kila palipoinuka kidogo, huenda palikuwa na jiko la mtu.

Na mkifika Ta Prohm, lile hekalu la mizizi ya miti juu ya kuta, wameweka vijia vya mbao. Apitie hapo hapo.

MamaNeema_Embakasi:
Tuktuk mkodishe ya siku nzima, bei mpatane kabla hajawasha.