Serikali ikisema "tumeshambuliwa, lazima tupigane": taarifa hiyo unaipimaje?

MtuWaKibokoni
Assalam aleikum, hamjambo nyote.

Mijadala ya vita hapa Mombasa, iwe ni Somalia, Iraki au Ukraine, huishia pale pale. Mmoja asema serikali haiwezi kudanganya kwa jambo zito kama hilo, mwingine asema zote hudanganya, na hakuna kati yao aliyesoma hata ukurasa mmoja wa taarifa yenyewe. Nauliza njia ya kufanya kazi. Serikali inapotoa taarifa ya kuhalalisha vita, mtu mwenye simu na bando tu afanye nini ili ajue kipande kipi kina ushahidi na kipi ni maneno? Na kwa vita vyetu wenyewe vya Oktoba 2011, Linda Nchi, jeshi la Kenya lilipoingia Somalia kupigana na al-Shabaab, njia hiyo inatoa nini? Naomba tarehe na nyaraka. Hasira tunazo za kutosha.

BintTudor
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Anza kwa kuikatakata taarifa. Iandike upya, dai moja kwa kila mstari, kisha kila mstari uulize: nani aliona, kwa chombo gani, saa ngapi, na maneno yake yalipita mikono mingapi hadi kumfikia msemaji. Mstari usio na mtu aliyeona uweke alama nyekundu. Usiufute, kwani huenda jibu likatoka baadaye.

Hiyo mikono ya katikati ndipo mambo yanapoharibika. Watu hutafuta uongo wa kubuniwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upo, lakini kinachotokea zaidi ni mtaalamu kuandika "huenda", mkubwa wake akaandika "inaelekea", na waziri akasimama akasema "tuna hakika". Mashaka yamefutwa njiani na kila mmoja amefuta kidogo.

Tazama Ghuba ya Tonkin. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za topido za Vietnam Kaskazini ziliishambulia kweli manowari ya Marekani, Maddox. Tarehe 4 ikatangazwa kwamba imeshambuliwa tena, safari hii pamoja na Turner Joy. Ulikuwa usiku wa giza, na ripoti zilitegemea rada na sona, chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Mchana wa siku hiyo hiyo kwa saa za Washington, kamanda wao John Herrick alituma ujumbe: hali ya hewa huenda imeichanganya rada, wasikilizaji wa sona walikuwa na pupa, Maddox haikuona boti yoyote kwa macho, tathmini kamili ifanywe kabla ya hatua nyingine. Kabla ya saa sita usiku Rais Johnson akalihutubia taifa kutangaza mashambulizi ya kulipiza. Tarehe 7 azimio la kumruhusu kutumia nguvu za kijeshi lilipita kwa kura 416 kwa 0 katika Bunge la Wawakilishi, na 88 kwa 2 katika Seneti. Utafiti wa Robert Hanyok, mwanahistoria wa shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, NSA, ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ulionyesha kuwa tarehe 4 Wavietnam walikuwa wakishughulika na boti zilizoharibika tarehe 2, na kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano yaliyonaswa, ambayo hayakulingana na hadithi ya shambulio la pili, haikuwafikia viongozi. Njia ya mwongo fupi, husema wazee, lakini hii ilikwenda miaka 41.

Kuna swali jingine ambalo wengi hulisahau: siku chache kabla kulitokea nini ambacho taarifa haikitaji? Usiku wa 30 kuamkia 31 Julai 1964, boti za operesheni ya siri iliyoungwa mkono na Marekani zilishambulia visiwa vya Hon Me na Hon Ngu. Hotuba ilianza hadithi tarehe 2.

Iraki ni somo la tanbihi, yaani pingamizi zinazowekwa pembeni. Tathmini ya kijasusi ya Marekani ya Oktoba 2002 ilikuwa na wapinzani ndani yake. Idara ya upelelezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ilikataa kwamba mpango wa nyuklia umefufuliwa, na wataalamu wa Wizara ya Nishati walisema mabomba ya alumini ya milimita 81 yalifaa maroketi ya kawaida, hayakuwa ya mashine za kurutubisha urani. Toleo la umma lilipotoka, pingamizi hizo zilikuwa zimepunguzwa makali na waliopinga hawakutajwa kwa idara zao. Kwa hiyo ukikuta toleo fupi, tafuta refu. Ukilikosa, andika hivyo kwenye karatasi yako, maana nalo ni jambo la kujua.

Barua zilizodai Iraki yanunua urani ya Niger zilianguka kwa kazi ya saa chache. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, walikuta barua ya Oktoba 2000 yenye sahihi ya waziri wa mambo ya nje wa Niger aliyeacha cheo hicho 1989. Tarehe 7 Machi 2003 mkuu wa shirika, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka si za kweli. Vita vikaanza tarehe 20. Majina na vyeo ndivyo rahisi kuliko vyote kuvikagua, na ndivyo watu hupita juu yake.

JiraniMakadara
Maelezo mazuri, lakini ongezeni shahidi asiye na jina kamili. Oktoba 1990 msichana aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliliambia kundi la wabunge wa Marekani kwamba wanajeshi wa Iraki waliwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto huko Kuwait. Januari 1992 ikajulikana ni binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya mahusiano ya umma ya Hill & Knowlton. Vita vya kuitoa Iraki Kuwait vilikuwa vimekwisha.

Na karibu nasi zaidi: baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, Marekani ilikipiga kwa makombora kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, tarehe 20. Ushahidi uliotajwa ni sampuli ya udongo yenye kemikali ya EMPTA, ambayo hutumika kutengeneza gesi ya sumu. Mtu yeyote wa maabara atauliza: iligawanywa mara ngapi, ilipimwa na maabara ngapi, ilichukuliwa hatua ngapi kutoka kiwandani, na nani aliishika njiani? Sampuli ya pili kutoka mahali hapo hapo i wapi? Majibu ya kuridhisha hayakutolewa hadharani, na mwaka 1999 mali za mwenye kiwanda zilizokuwa zimezuiliwa zikaachiliwa.

Ndiyo maana mimi nasema: taarifa ya vita ichukuliwe kuwa ya uongo mpaka ithibitishwe.

BintTudor
Hapo kwenye sentensi ya mwisho sikubaliani nawe, jirani. Tarehe 25 Oktoba 1962 Adlai Stevenson, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, alionyesha picha za makombora ya Kisovieti Cuba mbele ya Baraza la Usalama, na yalikuwepo. Mwanzoni mwa 2022 Marekani ilisema Urusi itaivamia Ukraine, na wengi walikataa kwa sababu ya Iraki tu. Tarehe 24 Februari ikavamia. Uongo wa vita vya jana hauthibitishi chochote kuhusu taarifa ya leo. Kila dai lipimwe kwa ushahidi wake, la sivyo tutakuwa tunaamini serikali ya upande wa pili bila kujijua.

PichaNaRamani
Upande wa video na picha. Mfano wa Februari 2022 una somo zuri. Tarehe 18 viongozi wa maeneo yaliyojitenga ya Donetsk na Luhansk walitoa video wakitangaza kuwahamisha raia haraka, kana kwamba hatari imezuka siku hiyo. Metadata, yaani data za ndani, za faili kwenye Telegram zilionyesha zilirekodiwa tarehe 16.

Kwa hiyo mkipata video, msikague nakala ya WhatsApp iliyotumwa kama video ya kawaida, maana WhatsApp huibana na kufuta data za ndani. Mwambie aliyeituma airudishe kama dokumenti, au nenda kwenye akaunti ya kwanza iliyoitoa. Ifungue kwa programu ya ExifTool, soma tarehe ya kuundwa na saa za eneo. Tahadhari mbili: metadata hubadilishwa na yeyote anayejua, na zikikosekana hazithibitishi kitu.

Baada ya hapo kata picha nne au tano za mnato, moja kwa kila mandhari, uzitafute kwa Google Lens, Yandex na TinEye. Tumia zote, kwani kila moja ina hazina yake. Unatafuta toleo la zamani kuliko tukio. Kivuli kinasaidia kujua saa, kwa SunCalc, lakini msitumie mazoea ya hapa Pwani ambako saa sita mchana jua liko karibu na utosi. Baghdad mwezi wa Desemba kivuli cha saa sita hufika mara moja na nusu ya urefu wa mtu.

Serikali ikisema "tumeiteketeza kambi", ramani ya moto ya NASA, FIRMS, huonyesha joto kwa vipande vya mita 375 na ni bure. Inakosesha watu kila mara kusini mwa Somalia kwa sababu mashamba yanayochomwa na matanuri ya makaa nayo huwaka. Linganisha na wiki mbili kabla, sehemu ile ile. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10, kwa hiyo utaona jengo kubwa lililoanguka lakini gari hutalitambua, na msimu wa masika mawingu hufunika kila kitu. Kwa mwaka 2011 msihangaike nazo, setilaiti hiyo ilirushwa 2015. Tumieni za setilaiti za Landsat, mita 30.

Na kabla ya yote hayo, hifadhi ukurasa wa taarifa kwenye web.archive.org siku ile ile inapotoka. Taarifa za serikali hubadilishwa kimyakimya, na tofauti kati ya toleo la asubuhi na la jioni huenda ndiyo ushahidi pekee utakaoupata.

MsomajiKizingo
Linda Nchi, kwa njia ya BintTudor. Sababu iliyotangazwa ina madai matatu ndani yake, na watu huyameza kama moja.

La kwanza, watu walitekwa. Kweli: Kiwayu 11 Septemba 2011, Manda 1 Oktoba, Dadaab 13 Oktoba. La pili, al-Shabaab ndio waliowateka. Wao walikana, na mateka wa Kiwayu alishikiliwa na maharamia hadi alipoachiliwa Machi 2012. La tatu, jeshi liliingia kwa sababu ya utekaji huo. Hapa ndipo pa kuchimba. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizotolewa na WikiLeaks zaeleza mazungumzo ya Januari 2010, Addis Ababa, ambapo Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Moses Wetangula, aliomba kuungwa mkono kwa mpango wa Jubaland, eneo la kinga kusini mwa Somalia, na Johnnie Carson, mkuu wa masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hakuukubali. Waraka uliotangulia tukio una uzito kuliko uchambuzi wowote ulioandikwa baada yake. Msemaji wa serikali wa wakati huo, Alfred Mutua, naye aliwaambia wanahabari mwezi ule ule wa Oktoba kwamba operesheni kubwa namna ile haipangwi kwa wiki moja.

Anayesema mpango ulikuwa tayari kabisa naye ana deni. Jeshi lilivuka mvua za vuli zikianza na magari yakakwama kwenye matope. Mpango wa miaka miwili haungechagua wakati huo. Kwangu, nyaraka zaonyesha nia ya zamani na tarehe ya haraka. Zaidi ya hapo sisemi.

Someni pia barua ya Kenya kwa Baraza la Usalama ya Oktoba 2011, iliyotumia haki ya kujilinda ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, muilinganishe na maneno ya mawaziri hapa nyumbani. Kisha Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya wiki hiyo. Katiba, Ibara ya 95(6), yataka Bunge la Taifa liidhinishe tangazo la vita, na 240(8) yataka idhini ya Bunge kupeleka majeshi nje. Kwa mambo ya baadaye kuna ripoti za Kundi la Ufuatiliaji la Umoja wa Mataifa kuhusu Somalia na Eritrea. Ile ya 2013 yaeleza makaa yakiendelea kusafirishwa kutoka Kismayo ingawa Azimio 2036 la Februari 2012 lilikuwa limeyapiga marufuku.

MtuWaKibokoni
Shukran sana nyote. Swali moja: tukiiandikia Wizara ya Ulinzi kuomba nyaraka, si watajibu "usalama wa taifa" na yaishe?

MsomajiKizingo
Watajibu hivyo ukiomba "maelezo yote kuhusu operesheni". Kifungu cha 6 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 chawaruhusu. Omba waraka mmoja, kwa jina na tarehe, usiogusa mbinu wala mahali pa vikosi. Mimi ningeanza Bungeni, maana Ibara ya 240(7) yalitaka Baraza la Usalama wa Taifa litoe ripoti kwa Bunge kila mwaka. Omba ya 2011 na ya 2012.

Sheria yakubali ombi la maandishi kwa Kiswahili, kwa hiyo usihangaike kutafuta wa kukutafsiria. Kuomba hakuna ada, utalipia nakala tu. Wana siku 21 za kujibu na wanaweza kujiongezea 14 mara moja. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe, kwa sababu bila muhuri siku hazihesabiki. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua yao ya kukataa iambatishe, na kama hakuna barua, ambatisha ile nakala yenye muhuri.